Kocha wa besiboli ya chuo Marekani: Divisheni I, Divisheni III au chuo cha miaka miwili?

Mtu aliyesoma Tanzania akisikia "Divisheni III", mawazo yanaruka moja kwa moja hadi kwenye matokeo ya kidato cha nne: umepita, lakini usitembee kifua mbele. Ifute picha hiyo kabla hatujaanza. Katika michezo ya vyuo vya Marekani divisheni haipimi akili ya wanafunzi wala heshima ya chuo. Inapima chuo kimekubali kutumia fedha kiasi gani kwa wanamichezo wake. MIT, Johns Hopkins na Emory, vyuo vinavyoheshimika sana kwa elimu, vina timu za besiboli, na zote zinacheza Divisheni III. Kwa hiyo kijana akiniuliza aanzie ukocha juu au chini, namrudishia swali: juu ya nini?

Naandika kwa ajili ya yule kijana wa Columbus, Dallas au Minneapolis, wazazi wake wa Bukavu au Mombasa, aliyecheza besiboli hadi bega likagoma, na sasa anataka kubaki mchezoni kama kocha. Naandika pia kwa mzazi wake, ambaye hajaelewa bado kama kurushiana mpira na vijana ni kazi ya mtu mzima. Ni kazi, mzee. Ila ni kazi tatu zenye jina moja.

Kocha wa Divisheni I ameajiriwa alete ushindi. Kocha wa Divisheni III, mara nyingi, ameajiriwa alete wanafunzi. Kocha wa chuo cha miaka miwili ameajiriwa awatoe vijana: awapokee walipokwama, awanoe, awapeleke kwingine. Ukilishika hilo, habari za mshahara, za saa za kazi na za usalama wa kibarua utazielewa bila taabu.

| | Divisheni I | Divisheni III | Chuo cha miaka miwili (NJCAA, shirikisho la michezo la vyuo hivyo) |
|---|---|---|---|
| Mechi za msimu | 56 | 40 | 56 |
| Ufadhili wa kimichezo | hadi wachezaji 34, kwa vyuo vilivyoingia mfumo mpya wa 2025 wa kuwalipa wachezaji moja kwa moja | hakuna | hadi 24 kamili kwa ngazi yake ya juu |
| Mchezaji hukaa | miaka 4, asipohama | miaka 4 | miaka 2 |
| Anayekulipa hasa | mashabiki, televisheni, wafadhili | karo ya wanafunzi | kodi ya eneo au jimbo, pamoja na karo |
| Fainali za taifa | Omaha, Nebraska | Eastlake, Ohio, katika miaka ya karibuni | Grand Junction, Colorado |

Katikati kuna Divisheni II, yenye mechi 50 na ufadhili 9 unaokatwa vipande vipande ili utoshe kikosi kizima, na kuna vyuo vya NAIA, shirikisho jingine dogo, vyenye ufadhili 12. Sikuviweka kwenye jedwali kwa sababu vinaazima tabia za majirani zake wa pande zote mbili. Lakini usividharau. Ed Cheff alifundisha Lewis-Clark State, chuo cha mji mdogo wa Lewiston huko Idaho, kwa zaidi ya miaka 30, akatwaa mataji 16 ya NAIA. Mashabiki wengi wa besiboli hawalijui jina lake. Sidhani kama hilo lilimkosesha usingizi.

Fedha

Tuanze na kinachovutia macho. Makocha wakuu wa vyuo vikubwa vya kusini, wale wa ligi ya SEC, wanalipwa zaidi ya dola milioni moja kwa mwaka. Tony Vitello wa Tennessee, bingwa wa 2024, alikuwa amefikia karibu milioni 3 kabla hajaondoka Oktoba 2025 kwenda kuinoa San Francisco Giants. Alikuwa wa kwanza kuruka kutoka benchi la chuo hadi benchi la ligi kuu bila kuwahi kucheza wala kufundisha besiboli ya kulipwa.

Sasa teremka ngazi mbili kwenye benchi hilohilo la ufundi. Hadi katikati ya 2023, kanuni za NCAA, shirikisho linalosimamia divisheni zote tatu, ziliruhusu timu ya Divisheni I kuwa na kocha mkuu, wasaidizi wawili wanaolipwa, na msaidizi mmoja wa kujitolea ambaye chuo kilikatazwa kumlipa mshahara. Soma tena: kilikatazwa. Mtu yule alifanya kazi saa zilezile, akasafiri safari zilezile, akaishi kwa vijisenti vya kambi za watoto za kiangazi na kwa huruma ya mwenye nyumba. Kuanzia Julai 1, 2023 kanuni ikafutwa, na kesi waliyofungua makocha hao wa besiboli ikaishia kwenye malipo ya dola milioni 49.25. Leo msaidizi wa tatu anaruhusiwa kulipwa. Kuruhusiwa si kulazimishwa, hata hivyo, na Divisheni I ina timu zipatazo 300, nyingi zikiwa hazijawahi kunusa fedha za televisheni. Ukipewa nafasi kwenye timu ya mkiani mwa Divisheni I, uliza kiasi kabla hujachapisha picha ukiwa umevaa kofia yao.

Divisheni III haina mamilioni, ila ina kitu ambacho vijana hawakioni na wazazi wanakiona upesi. Vyuo vingi binafsi huwapa wafanyakazi wao punguzo kubwa la karo kwa watoto wao, wakati mwingine karo yote. Kocha mwenye watoto watatu kwenye chuo kinachotoza makumi ya maelfu ya dola kwa mwaka anapata mshahara wa pili usioonekana kwenye hati ya malipo. Mwanamke mmoja wa Nairobi ningemwambia hivi: mkwe wako akikwambia analipwa kidogo huko, mwulize kuhusu karo kabla hujasikitika.

Vyuo vya miaka miwili vimetofautiana mno kuliko ngazi nyingine yoyote. California ni ulimwengu wake: vyuo vya jamii vya jimbo hilo, yaani vya miaka miwili vya umma, viko nje ya NJCAA na havitoi ufadhili wa kimichezo, lakini makocha wake wengi ni walimu walioajiriwa rasmi, wenye viwango vya mshahara vilivyojadiliwa na chama cha wafanyakazi na pensheni ya walimu wa jimbo. Kocha wa namna hiyo hatajulikana Omaha, lakini atastaafu vizuri. Kwingineko, katika vyuo vidogo vya nyika za Kansas au Oklahoma, msaidizi kijana anaweza kulipwa chumba katika bweni, chakula cha mgahawa wa chuo na posho ndogo, akiwa ndiye pia msimamizi wa bweni. Saa nane za usiku king'ora cha moto kikilia kwa sababu mtu ameunguza tambi, kocha wa warushaji, wale wanaomtupia mpigaji mpira, ndiye anayetoka na tochi.

Kuna hadithi ya Rod Dedeaux wa USC, chuo kikuu cha Los Angeles, aliyetwaa mataji 11 ya taifa, ambaye alikubali mshahara wa jina tu wa dola moja kwa mwaka. Hupendwa sana kama mfano wa mapenzi ya mchezo. Dedeaux alikuwa na kampuni ya malori. Wewe kama huna malori, soma mkataba.

Jumanne ya Novemba

Watu huchagua kazi hii kwa kutazama Jumamosi ya Mei: jua, viti vimejaa, bendi inapiga. Ningependa uzilinganishe ngazi hizi tatu kwa Jumanne ya Novemba, wakati hakuna mechi.

Divisheni I, Jumanne ya Novemba ni simu na kompyuta. Kuna vifaa vinavyopima mpira umezunguka mara ngapi tangu umwache mrushaji, na kuna mtu wa kuzisoma hizo takwimu. Nyasi zina watu wake, jezi zina watu wake. Kazi yako ni kuboresha wachezaji ulionao huku ukisaka watakaochukua nafasi zao. Wa sekondari huruhusiwi kuzungumza nao kabla ya Agosti 1 inayotangulia mwaka wao wa tatu, kanuni ya tangu 2023, kwa hiyo usiku wa kuamkia siku hiyo makocha hawalali. Kisha kuna dirisha la uhamisho. Mchezaji wa chuo sasa anahama karibu kama mchezaji wa Simba au Yanga, na tangu Julai 2021 anaruhusiwa pia kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake. Paul Skenes alianza katika chuo cha jeshi la anga, akahamia LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, akatwaa ubingwa wa 2023 na mwezi uliofuata akachaguliwa wa kwanza katika usajili wa ligi kuu. Ukiwa LSU, hiyo ni hadithi tamu. Jiweke sasa upande wa kocha aliyemlea kwanza, ndipo uamue kama una moyo wa Divisheni I.

Divisheni III, Jumanne hiyohiyo uko ofisi ya udahili. Huna ufadhili wa kumpa kijana, kwa hiyo unamwuzia chuo: mhadhiri wa fizikia, hosteli, msaada wa masomo unaotolewa kwa alama zake au kwa hali ya familia. Hapa ndipo siri ya ngazi hii ilipo, na sioni ikisemwa wazi. Chuo binafsi chenye wanafunzi elfu moja na ushee kinapoteza usingizi kila mwaka juu ya vitanda vitupu. Kocha anayeleta vijana 15 kila Agosti, wote wakilipa sehemu kubwa ya karo, ni mtu wa fedha kuliko mhasibu. Ndiyo maana unakuta timu zina wachezaji 40 na zaidi, wakati mpira unahitaji tisa uwanjani. Wengine hawatacheza hata dakika moja ya maana, na wewe ndiwe utakayewatazama machoni kila siku. Kuna makocha wanaoipenda sehemu hiyo, kumlea kijana wa benchi hadi ahitimu udaktari. Kuna wengine inawala ndani kwa ndani.

Baada ya udahili unashika reki, unasawazisha udongo wa kilima cha mrushaji. Mvua ikija unakimbilia turubai pamoja na wachezaji. Kwa baadhi ya safari unaendesha gari mwenyewe. Jezi, mara nyingine, zinafuliwa na anayekumbuka.

Chuo cha miaka miwili kina reki na turubai zilezile, lakini muda unakimbia tofauti. Kila mwaka nusu ya kikosi inaondoka, na unataka iondoke. Kijana amefika kwako kwa sababu alama zilikuwa mbovu, au alikuwa mfupi akiwa na miaka 17, au Divisheni I ilimsajili ikamsahau. Sifa yako si vikombe, ni orodha ya walikokwenda. Albert Pujols alicheza msimu mmoja katika Maple Woods, chuo cha jamii cha Kansas City, akasajiliwa 1999 katika raundi ya 13 kabla hajawa mmoja wa wapigaji wakubwa wa zama zake. Bryce Harper aliacha sekondari mapema akaenda College of Southern Nevada, na 2010 akawa chaguo la kwanza la nchi nzima. Hao ni nadra. Wa kila siku ni yule aliyekuja hawezi kuandika insha akaondoka ana nafasi chuo cha miaka minne. Kwa kocha aliye mwalimu kwa damu, hii ndiyo ngazi yenye ualimu mwingi kuliko zote, na ndiyo ningeichagua mimi.

Kibarua kuota nyasi

Mike Martin alikaa Florida State misimu 40, kuanzia 1980 hadi 2019. Alishinda mechi 2,029, akaipeleka timu kwenye mtoano wa taifa kila mwaka bila kukosa, akafika Omaha mara 17, na hakutwaa ubingwa hata mara moja. Waliomwajiri walimvumilia hadi mwisho. Mwanawe aliyerithi kiti alipewa misimu mitatu tu. Ukitaka kujua jinsi Divisheni I ilivyobadilika, baba na mwana hao wanatosha.

Kasi ya kuondoka nayo ni ya pande mbili. Juni 24, 2024 Jim Schlossnagle aliiongoza Texas A&M kwenye mechi ya mwisho ya fainali, akafungwa na Tennessee kwa tofauti ya pointi moja. Mwandishi alipomgusia habari za kuhamia Texas, alikasirika. Kesho yake akatangazwa kocha wa Texas, mahasimu wa A&M tangu enzi. Wasaidizi katika hali kama hizo hufungasha virago, wengine na bosi, wengine bila pa kwenda, watoto wakihamishwa shule kwa mara ya nne.

Basi Divisheni III ni salama zaidi? Dhidi ya kufukuzwa kwa vipigo, ndiyo. Don Schaly alikaa Marietta, Ohio, tangu 1964 hadi 2003. Lakini hatari ya huko ina sura nyingine: chuo chenyewe kinaweza kufa. Birmingham-Southern ya Alabama ilitangaza Machi 2024 kwamba itafunga milango Mei 31 kwa kuishiwa fedha. Timu ya besiboli ikaendelea kushinda hadi ikafuzu fainali za taifa za Divisheni III, na siku chuo kilipofungwa rasmi, vijana walikuwa Ohio wakicheza mechi yao ya kwanza ya fainali. Walitolewa Juni 2, wakiwa timu isiyo na chuo. Kwa hiyo kabla hujakubali kazi kwenye chuo kidogo binafsi, tazama idadi ya wanafunzi ya miaka mitano iliyopita kuliko unavyotazama rekodi ya mechi.

Hata vyuo vikubwa hufuta timu. Boise State ilirudisha besiboli 2020 baada ya miaka 40, ikacheza mechi 14, korona ikaingia, na Julai mwaka uleule ikaifuta. Besiboli ya chuo, ukiondoa timu chache za kusini, haijilipi. Mkurugenzi wa michezo akipewa mkasi, anajua pa kukata.

Na timu za kulipwa?

Wengine watakwambia achana na vyuo, nenda ligi ndogo za kulipwa: timu 120 zilizo chini ya klabu 30 za ligi kuu. Huko si kazi yako kusajili mtu, huchangishi fedha, humbembelezi mzazi. Wachezaji wanaletwa na ofisi, wewe unawanoa, na ofisi ndiyo inayoamua nani acheze. Katika ngazi ya juu yake msimu una mechi 150, mapumziko ni Jumatatu. Kwa mtu asiye na historia ndefu ya kucheza, mlango umeanza kufunguka: Rachel Balkovec alikabidhiwa timu ya Tampa 2022, mwanamke wa kwanza kuwa meneja wa kudumu wa timu ya ligi hizo. Lakini tazama pia Wes Johnson. Aliondoka Arkansas akawa kocha wa warushaji wa Minnesota Twins, kisha Juni 2022, katikati ya msimu wa ligi kuu, akarudi chuoni LSU kwa mshahara ulioripotiwa kuwa mkubwa zaidi. Mwaka uliofuata akawa kocha mkuu wa Georgia. Ukipenda kufundisha mpira tu na kuchukia mengine yote, ligi ndogo. Ukitaka timu iwe yako, chuo.

Mlango wa kuingilia

Kwa aliyekulia Marekani mlango ni ule wa kocha msaidizi mwanafunzi: unasoma shahada ya uzamili huku ukifundisha, chuo kinalipa karo na posho kidogo. Nafasi hizi ziko tele Divisheni II, III na NAIA, na hapo ndipo wengi huanza.

Kwa anayetoka nyumbani njia ni hiyohiyo, ila nyembamba. Besiboli kwetu si ngeni kabisa: vijana wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za watoto huko Williamsport, 2012. Mwenye viza ya mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi chuoni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na ukocha msaidizi unaingia hapo, ingawa kocha mkuu atatamani saa 60. Baada ya kuhitimu kuna miezi 12 ya kufanya kazi katika fani uliyosomea. Kisha inakuja viza ya kazi. Vyuo vina nafuu, kwa kuwa havibanwi na kikomo cha viza 85,000 kinachowabana waajiri wengine. Lakini lazima ithibitike kwamba nafasi yenyewe inahitaji shahada ya fani husika, na kwa kocha hilo ni mlima. Ongeza ada ya dola 100,000 iliyotangazwa Septemba 2025 kwa maombi mapya ya walio nje ya nchi. Nakwambia ili ujue hesabu kabla ya kuuza shamba la baba.

Sasa nikupange. Una miaka 23, huna familia, unapenda ushindani hadi unaumwa: kaa Divisheni I miaka mitatu hata kwa posho, ujifunze vifaa na usajili, kisha tathmini. Una mke na watoto: Divisheni III kwenye chuo chenye afya, na mkataba unaotaja karo ya watoto kwa maandishi. Una cheti cha ualimu na subira: chuo cha jamii, hasa California, ingawa nafasi za kudumu huko ni za kusubiri aliyepo astaafu. Kama unachotaka ni kuonekana kwenye televisheni, siwezi kukusaidia.

Makocha hukutana kila Januari kwenye mkutano wa chama chao, ABCA, na kazi nyingi hunong'onwa pale kwenye korido kabla hazijatangazwa. Nenda na viatu vya kutembea. Ukifika hatua ya usaili, baada ya kuuliza mshahara, uliza na hili: hapa nani anamwagilia uwanja? Wakikutajia idara, uko Divisheni I. Wakicheka na kutazamana, mwombe mwenye ofisi akuonyeshe bomba liko wapi.